Mtoto akichelewa kukaa, kutembea au kusema: mafunzo ya wazazi yanasaidiaje?

Katika vijiji vingi yupo mtoto ambaye wenzake wameshaanza kukimbia, yeye bado anabebwa mgongoni. Yupo mwingine ametimiza miaka 3 na hajatamka neno. Majirani wana maelezo yao. Wapo wanaosema atachangamka tu, hata baba yake alichelewa. Wapo wanaonong'ona kwamba amerogwa, au mama yake alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Familia nayo inasubiri, au inauza mbuzi na kuanza kuzunguka kwa waganga, na mwaka unakatika.

Mwaka huo mmoja una thamani kubwa. Ubongo wa mtoto hukua kwa kasi sana katika miaka yake 3 ya kwanza, na msaada anaoupata wakati huo humfikisha mbali kuliko msaada uleule akishafika umri wa shule. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya msaada huo inaweza kutolewa nyumbani na mama, baba, bibi au dada, wakishaonyeshwa namna ya kufanya. Hayo ndiyo yanayoitwa mafunzo ya wazazi na walezi. Makala haya yanaeleza yanafundisha nini, yalitoka wapi, yana mipaka gani, na uanzie wapi kama hayajafika kijijini kwako.

Kuchelewa ni kupi?

Watoto hawalingani. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilifuatilia watoto wenye afya njema katika nchi tano: Ghana, India, Norwei, Oman na Marekani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba mtoto anaweza kukaa bila kushikwa wakati wowote kati ya miezi 4 na miezi 9 hivi. Kutembea mwenyewe kulianza kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Takriban watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa, na bado walitembea vizuri. Kwa hiyo mtoto wa jirani akitembea na miezi 10 na wako bado, hiyo peke yake si sababu ya kukosa usingizi.

Lakini upo mpaka. Mpeleke mtoto kituo cha afya akapimwe ukiona mojawapo ya haya:

- Ana miezi 3 na hashtuki kwa sauti kubwa, wala hafuati uso wako kwa macho.
- Ana miezi 6 na shingo bado haijakaza, au mwili wake ni mlegevu sana au mkakamavu sana.
- Ana miezi 9 na hawezi kukaa.
- Ana mwaka 1 na hatoi sauti kama "ba-ba" au "ma-ma", haonyeshi kitu kwa mkono, wala hageuki akiitwa jina.
- Ana mwaka 1 na nusu na hajatembea.
- Ana miaka 2 na haunganishi maneno mawili, kama "mama njoo".
- Ana umri wowote na amepoteza kitu alichokuwa anakiweza.

Kama mtoto alizaliwa njiti, hesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, si ile aliyozaliwa.

Sababu zipo nyingi, na mara nyingine hazijulikani. Mtoto anaweza kuwa alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au alipata manjano kali siku za kwanza ambayo haikutibiwa. Anaweza kuwa aliugua homa ya uti wa mgongo, au malaria iliyopanda kichwani. Pengine hasikii, na hiyo ndiyo sababu hasemi. Pengine mama alikosa madini joto wakati wa ujauzito, au mtoto amezaliwa na hali ya Down. Wengine wana mtindio wa ubongo, ambao huathiri misuli na mkao wa mwili, na wengine wana usonji, ambao huathiri mawasiliano na namna ya kuhusiana na watu. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotokana na tabia mbaya ya mama.

Familia zenye watoto hawa ni nyingi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa wengi wao hawatolewi nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 katika jarida la kitabibu la Lancet Global Health ulikadiria kwamba mwaka 2016 watoto milioni 52.9 wa chini ya miaka 5 duniani walikuwa na ulemavu wa makuzi. Katika kila watoto 100 wa aina hiyo, 95 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu.

Kwa nini afundishwe mzazi?

Piga hesabu ndogo. Chukua mtoto anayepelekwa hospitali ya wilaya mara moja kwa mwezi kufanyiwa mazoezi tiba kwa nusu saa. Mwezi mzima amepata nusu saa. Lakini mtoto huyohuyo hulishwa mara 3 kwa siku, ambayo ni milo 90 kwa mwezi. Huogeshwa mara 30. Huvalishwa, hubebwa, hulazwa na kuamshwa kila siku. Kila moja ya nyakati hizo ni somo, iwapo anayemshika anajua la kufanya. Mtaalamu anabaki kuwa wa lazima, lakini yeye ni wa kuelekeza. Mwenye muda na mtoto ni wa nyumbani.

Wazo hili si geni. Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Portage, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, walimu wa watoto wenye ulemavu walikabiliwa na tatizo ambalo msikilizaji wa kijijini analifahamu: nyumba zimetawanyika, na kituo kiko mbali. Wakaamua kwenda wao nyumbani kwa mtoto kila wiki. Walimfundisha mzazi jambo moja dogo, wakamwachia alifanyie mazoezi hadi watakaporudi. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi.

Afrika nayo ilitengeneza ya kwake. Katika jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini, yalitungwa mafunzo yaitwayo Hambisela kwa ajili ya wazazi wa watoto wenye mtindio wa ubongo. Mafunzo hayo ndiyo yaliyokuwa msingi wa mwongozo mwingine uliojaribiwa Bangladesh, na baadaye njia hiyo ikaletwa Uganda. Huko Uganda familia hukutana katika vikundi vidogo, na mmoja wa wanaoongoza kikundi ni mzazi ambaye naye ana mtoto mwenye hali hiyo. Mama anayesikia kutoka kwa mama mwenzake hujifunza kwa namna nyingine, maana aliyelala na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake.

WHO nayo ilitengeneza mafunzo kwa familia za watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye kuchelewa kwa makuzi au ulemavu. Yana vikao 9 vya kikundi, na mwezeshaji humtembelea mlezi nyumbani mara 3. Yalitungwa ili mwezeshaji asilazimike kuwa daktari: anaweza kuwa muuguzi, mwalimu, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mzazi mwenzao. Ethiopia na Kenya ni miongoni mwa nchi ambako mafunzo haya yamefanyiwa majaribio.

Yanafundisha nini?

Miongozo inatofautiana, lakini mambo makuu yanafanana. Haya ni matano unayoweza kuanza nayo.

1. Shuka chini, mtazame, mfuate

Kaa kwenye mkeka ili macho yako yalingane na ya mtoto. Tazama anavutiwa na nini, hata kama ni kifuniko cha sufuria tu. Usimnyang'anye ili umletee kitu unachoona kina maana zaidi. Chukua kifuniko kingine, ufanye anavyofanya. Akigonga, nawe gonga. Akikutazama, tabasamu na useme "gonga!" Mtoto hujifunza kwa haraka akiwa ndani ya jambo alilolichagua mwenyewe.

2. Tumia kazi za nyumbani

Hakuna haja ya kununua vitu vya kuchezea. Kuchambua maharage ni zoezi la vidole. Kuweka viazi kwenye beseni, kimoja kimoja, ni zoezi la mikono na la kuhesabu. Kukunja kanga mkiwa wawili, huyu ameshika pindo hili na yule lile, kunafundisha zamu. Fanyeni kazi ileile kila siku kwa utaratibu uleule, ili mtoto ajue kinachofuata. Mtoto mdogo aangaliwe wakati wote, asije akameza maharage au kuyaingiza puani.

3. Sema kidogo, kisha subiri

Mtoto asiyesema mara nyingi huzungumziwa sana au hazungumzishwi kabisa. Yote mawili hayamsaidii. Tumia maneno machache yaliyo wazi: "maji", "kunywa maji". Kama anasema neno moja, wewe jibu kwa mawili. Kama hasemi, onyesha kwa mkono huku ukitaja jina la kitu. Mshikie kikombe na ndizi, umuulize anataka kipi. Halafu nyamaza na uhesabu moyoni hadi 10. Wazazi wengi hujibu kwa niaba ya mtoto kabla hajapata nafasi. Akinyoosha mkono, akitazama kitu au akitoa sauti yoyote, hilo ni jibu. Mpe alichoomba mara moja, ili aone kwamba kuwasiliana kunaleta matokeo.

4. Gawa jambo kubwa kuwa hatua ndogo

Kuvaa shati kunaonekana ni jambo moja, lakini kwa mtoto ni mambo sita au saba. Mvalishe hatua zote, ila ile ya mwisho, kuvuta shati hadi kiunoni, umwachie yeye. Akishaiweza, mwachie mbili za mwisho. Hivyohivyo kwa kunawa mikono au kutumia kijiko. Faida ya kuanzia mwisho ni kwamba kila mara mtoto anamaliza kazi yeye mwenyewe, na anapongezwa kwa kumaliza. Sifa iwe ya jambo lenyewe: "Umevuta shati!"

5. Tafuta sababu ya vurugu

Mtoto anayelia hadi kujibamiza ukutani huitwa mtukutu, na mara nyingi huchapwa. Mafunzo yanamtaka mzazi ajiulize maswali matatu: Ni nini kilitokea kabla? Ni nini kilifuata baadaye? Je, alikuwa anataka kusema nini? Pengine ana njaa, jino linamuuma, au kelele za kinu zinamsumbua. Pengine amejifunza kwamba akijibamiza anapewa simu. Ukijua sababu, unaweza kuizuia mapema au kumfundisha njia nyingine ya kuomba. Fimbo haimfundishi kusema. Inamwongezea hofu tu.

Kumkalisha na kumlisha: hapa pana uhai

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, somo linaloweza kuokoa maisha ni la chakula. Mama wengi humlaza mtoto chali mapajani, kichwa kimeinuka nyuma, wakammiminia uji. Wengine humbana pua ili ameze. Mtoto ambaye misuli yake ya koo haifanyi kazi sawasawa hushindwa kuufunga mlango wa njia ya hewa. Uji unaingia kwenye mapafu, na kinachofuata ni nimonia ya mara kwa mara, kukonda na hata kifo. Watu husema mtoto amekufa kwa kifua, kumbe kilichoanza ni namna ya kumlisha.

Fanya hivi:

- Mkalishe wima, mgongo umeegemezwa, kichwa kiwe katikati na kidevu kimeinama kidogo mbele.
- Kaa mbele yake, uso wako uwe usawa wa uso wake au chini kidogo, asilazimike kuangalia juu.
- Tumia kijiko kidogo, na ujaze nusu tu.
- Mpe chakula laini kizito, kama viazi au ndizi zilizopondwa na kuongezwa mafuta kidogo au karanga zilizosagwa laini. Uji mwepesi hukimbia kooni haraka.
- Subiri ameze kabla ya kijiko kinachofuata. Usimlishe akiwa analia au ana usingizi.
- Akimaliza, abaki wima kwa nusu saa.

Akikohoa kila anapokula, macho yakimtoka machozi, sauti yake ikiwa kama ina maji kooni, au akipumua kwa shida, acha kumlisha na umpeleke kituo cha afya.

Mtoto asiyeweza kukaa asiachwe amelala siku nzima. Unaweza kumkalisha katikati ya miguu yako, mgongo wake ukiegemea kifua chako, au ndani ya beseni lililojazwa kanga pembeni. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti cha kona kwa mbao chache. Hata maboksi na magazeti makuukuu yakigandishwa kwa gundi ya unga, tabaka juu ya tabaka, na kukaushwa juani, hutoa kiti kigumu. Ufundi huo wa makaratasi ulianzia Zimbabwe. Kabla ya kutengeneza kiti, mwombe mtaalamu wa mazoezi tiba akuonyeshe mkao unaomfaa mtoto wako. Usimnyooshe kwa nguvu miguu au mikono iliyokakamaa, wala usimfukie mchangani ili asimame.

Mzazi naye ni mtu

Vikao vya mafunzo huwa na sehemu ya mlezi mwenyewe, na hiyo si mapambo. Mama wa mtoto wa aina hii mara nyingi hafiki shambani, hafiki sokoni wala kwenye kikundi cha kuweka na kukopa. Wengine wameachwa na waume zao. Mama aliyechoka na kutengwa hawezi kucheza na mtoto kwenye mkeka, hata akifundishwa vipi. Kwa hiyo kikundi huzungumzia pia nani atampokea mtoto kwa saa mbili, na usingizi utapatikana vipi. Baba akihudhuria hata vikao vichache, nyumba nzima hubadilika, kwa sababu anajionea kwamba mtoto anaweza kujifunza. Bibi naye aalikwe. Katika nyumba nyingi yeye ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu mtoto.

Mafunzo hayawezi nini?

Hayaponyi mtindio wa ubongo, hali ya Down wala usonji. Yanamsaidia mtoto afike mbali kadiri awezavyo, na kila mtoto ana mwisho wake. Hayachukui nafasi ya matibabu pia. Mtoto mwenye kifafa anahitaji dawa kila siku, na zisikatishwe ghafla hata kama amekaa miezi bila kuanguka. Mwenye mtoto wa jicho, kichwa maji au miguu iliyopinda anahitaji hospitali, na kadiri anavyowahi ndivyo inavyokuwa nafuu kumsaidia. Masikio na macho yapimwe kwanza kabla ya kusema mtoto hana akili. Mtu yeyote anayekuahidi kumponya mtoto kabisa kwa malipo, awe na mitishamba au koti jeupe, mwogope.

Uanzie wapi?

Anza zahanati ya karibu, hata siku ileile ya chanjo na mizani. Mwambie muuguzi jambo mahususi: "Ana miezi 11 na hakai." Ukisema tu "hana raha", utarudi na dawa ya minyoo. Omba rufaa ya kuonana na wataalamu wa utengamao katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT ina huduma za utengamao kwa watoto.

Tanzania ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayowahusu watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8. Muulize afisa ustawi wa jamii au mhudumu wa afya ngazi ya jamii kama vipo vikao vya malezi katika kata yako, na kama watoto waliochelewa wanapokelewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, kwa hiyo huombi hisani. Kwa wasikilizaji wa Kenya, vituo vya EARC vya kutathmini mahitaji ya elimu ya watoto wenye ulemavu vimekuwapo tangu mwaka 1984. Shule ya karibu yenye kitengo cha elimu maalumu inaweza kukuelekeza.

Kama hakuna kikundi, familia tatu zinatosha kuanza. Kutaneni siku moja kwa wiki, mbali na msimu wa kupalilia, mahali ambapo mama anaweza kufika kwa miguu na mtoto mgongoni. Mwalikeni muuguzi au mwalimu mara moja kwa mwezi. Kila mmoja aeleze alichojaribu na kilichotokea.

Na wiki hii, kabla ya kikao chochote, chagua shughuli moja tu kati ya zile unazofanya na mtoto kila siku: kuoga, kula au kuvaa. Mwachie sehemu moja ndogo aifanye yeye, na usubiri. Iandike tarehe atakayoifanya kwa mara ya kwanza nyuma ya kadi yake ya kliniki. Utakapomfikisha kwa mtaalamu, tarehe hizo zitamweleza mengi kuhusu mtoto wako.